Kabla ya nyundo ya upepo, kijana atafute hewa

KASUMBALESA – Kila kamio inayosimama kwenye foleni ya mpaka inafika na ugonjwa wake. Moja inavuja hewa ya freni, nyingine imevunja springi, ya tatu imelegea pale ambapo kishikio cha springi kimefungwa kwenye shasi kwa riveti. Dereva hawezi kurudi Lubumbashi, karibu kilomita 90 nyuma, na hawezi kuvuka kwenda Chililabombwe na gari bovu. Anamwita fundi wa kando ya barabara. Na siku hizi fundi huyo, mara nyingi kijana, ana ndoto moja: kupata nyundo ya upepo, ile inayong'oa kwa dakika chache riveti ambayo kwa burini na nyundo ya mkono ingekula nusu ya siku.

Ndoto hiyo ni halali. Nyundo ya upepo ni chombo kizuri. Lakini inafaa kusema wazi, kwa ajili ya vijana wa mji huu na kwa familia zilizokimbia vita ambazo zinatafuta kazi ya kuwashikisha watoto wao: nyundo ni kitu cha mwisho kununuliwa. Kwanza riveti ijulikane, pili hewa ipatikane, tatu macho yakingwe. Anayegeuza mpango huo anabaki na kipande cha chuma kisichopumua, na makuta ya familia yamekwenda.

Jambo hili linagusa nyumba nyingi. Goma ilipoanguka mikononi mwa M23 mwishoni mwa mwezi wa kwanza 2025, na Bukavu mwezi uliofuata, watu walitawanyika, na wengine walitafuta usalama mbali sana na Kivu. Kabla yao kulikuwa na wale wa Mitwaba, Pweto na Manono, ile pembe tatu iliyoitwa ya kifo, ambao waliacha mashamba yao na kufuata barabara kubwa. Mzazi aliyefika bila shamba wala ng'ombe huiona garaje kama shule isiyodai minervali. Mtoto anakuwa apranti: anaosha vyuma, anashika taa, anapeana funguo. Siku yanapopatikana makuta kidogo, ya mama aliyeuza vitenge, ya ndugu wa Lubumbashi au ya mradi fulani, swali linakuja: anunue nini ili ajitegemee?

Riveti gani?

Jibu linaanzia kwenye riveti. Kwenye kamio kuna aina mbili kubwa, na chombo cha moja si chombo cha nyingine.

Za kwanza ni ndogo: zile zinazoshikilia ferodo kwenye kiatu cha freni. Hiyo ndiyo kazi ya kila siku hapa, kwa sababu mizigo ni mizito na ferodo zinaisha haraka. Riveti hizo ni laini, na nyingi zina tundu upande mmoja. Haziombi nyundo ya upepo. Zinaomba etau imara, chuma cha kusukumia chenye unene sawa na riveti, au mashini ya kutoboa yenye ncha kali. Anayezipiga kwa nyundo kubwa ya upepo anapanua matundu ya kiatu mpaka yanakuwa na umbo la yai, na kiatu chenyewe kinaweza kupinda. Ferodo mpya ikifungwa juu yake haikai sawa. Inacheza, inapasuka, na siku kamio inateremka mlima na tani thelathini za shaba mgongoni, freni inakosa kushika. Kwa kiatu cha freni, kasi ya kung'oa riveti za zamani haina maana kubwa. Kinachookoa maisha ni kufunga riveti mpya kuanzia katikati kwenda pembeni, ili ferodo ilale vizuri.

Za pili ni kubwa: riveti za shasi, nyingine nene kama kidole. Kiwanda hupenda riveti kwa sababu inajaza tundu lote, haina nati ya kulegea, na inavumilia shasi inapojikunja kidogo kwenye barabara mbovu. Katanga inazijua tangu zamani; reli ilipofika Élisabethville mwaka 1910, ulimwengu wa reli wote ulikuwa unafungwa kwa riveti. Riveti ya shasi ikichoka hutoa alama: mstari wa kutu nyekundu unateremka chini ya kichwa chake kama chozi. Hiyo inapaswa kutoka, na hapo nyundo ya upepo ina haki yake.

Mafundi wakubwa watasema shalimo inatosha: choma kichwa, piga, kwisha. Ni kweli, riveti inatoka. Lakini chuma cha shasi nyingi za leo kimeimarishwa kwa joto kiwandani, na moto wa shalimo unakilainisha tena mahali pale pale panapobeba mzigo. Ufa hauonekani siku ile. Unaonekana miezi baadaye, kwenye barabara ya mtu mwingine. Njia safi ni kutoboa katikati ya kichwa mpaka karibu na usawa wa shasi, kukata kichwa kwa burini ya nyundo ya upepo, kisha kuweka chuma cha kusukumia na kutoa mwili wa riveti. Tundu linabaki duara, na shasi haijaonja moto.

Kazi haijaisha hapo. Pengo la riveti halijazwi na bulo yoyote iliyookotwa chini ya meza. Kwenye kichwa cha bulo ya nguvu kumeandikwa namba: 8.8 au 10.9. Kwa shasi ya kamio hutafutwa 10.9, yenye kuingia tunduni kwa kubana, pamoja na washa ngumu na nati isiyofunguka. Fundi asiye na uwezo wa kupata bulo hiyo heri asing'oe riveti, hata kama ana nyundo bora kuliko zote za Kasumbalesa.

Ipo pia kazi ya magari madogo, ambapo rotuli za magurudumu ya mbele za magari mengine hutoka kiwandani zikiwa na riveti, na rotuli mpya huja na bulo zake. Nyundo ndogo ya upepo inatosha kwa hiyo.

Hewa ni nusu ya kazi

Hapa ndipo makuta mengi yanapotea. Nyundo ya upepo haina nguvu yake yenyewe. Nguvu ni ya kompresere. Nyundo nyingi za garaje hutaka shinikizo la kama bari 6, na hapo karibu kila kompresere inafika. Kinachoshinda kompresere ndogo ni wingi wa hewa.

Hesabu si ngumu. Nyundo ya kati, kichochezi kikishikwa bila kuachiwa, inaweza kumeza kama lita 400 za hewa kwa dakika. Kompresere ndogo ya lita 50, ile ya kubebwa na mtu mmoja, inaweza kutoa kama lita 150 kwa dakika. Tangi lake likishuka kutoka bari 8 hadi 6, limetoa lita 100 tu za ziada. Ukigawa, nyundo inapiga vizuri kwa sekunde 24 hivi, kisha inalegea na fundi anakaa kungoja. Tangi la lita 200 lenye mota ile ile lingempa zaidi ya dakika moja na nusu, muda wa kutosha kukata vichwa kadhaa kabla ya kupumzika.

Muuzaji hasemi hayo. Ataonyesha boksi lililoandikwa matumizi madogo ya hewa, lakini namba hiyo kwa kawaida ni ya wastani, ya mtu anayepiga kidogo na kupumzika sana. Kwenye kompresere nako, namba kubwa iliyobandikwa mara nyingi ni hewa inayoingia kwenye pampu. Ile inayotoka kwenye mpira ni pungufu, pengine kwa theluthi nzima. Kijana anayenunua kwa kusoma boksi peke yake anadanganywa mara mbili.

Kisha kuna kurani. Umeme wa SNEL unakwenda na kurudi, na mota ya kompresere inapoanza inavuta nguvu nyingi kuliko inapoendelea. Jenereta ndogo inayowasha taa na televisheni inaweza kushindwa kabisa kuiamsha. Mwenye nyundo asiye na jibu la kurani amejinunulia pambo.

Lakini Kasumbalesa ina jibu lake kando ya barabara. Ni mtu wa matairi, yule ambaye wengi wanamwita kwado. Kompresere yake ina tangi kubwa, mara nyingi inaendeshwa na mota ya benzini au ya mazuti, na kati ya tairi na tairi inakaa bila kazi. Kijana mwenye nyundo, mpira wa mita chache na mapatano mazuri na kwado anaweza kuanza kazi bila kununua kompresere. Anamlipa kwa kila riveti au kwa kila saa, na wote wawili wanakula. Kwa familia iliyopoteza kila kitu, mapatano hayo ni bora kuliko deni la kompresere mpya. Yaandikwe tu kwenye karatasi, hata kwa kalamu ya mtoto wa shule, ili ugomvi usije siku kazi inapokuwa nyingi.

Nyundo yenyewe

Riveti ikijulikana na hewa ikipatikana, kuchagua nyundo kunakuwa rahisi. Mambo manne yanatosha.

La kwanza ni urefu wa silinda. Nyundo fupi hupiga haraka sana, mapigo 4,000 hivi kwa dakika, lakini kila pigo ni dogo. Inafaa mabati, mofla na rotuli. Nyundo ndefu hupiga polepole, karibu 2,000 kwa dakika, lakini pistoni inasafiri mbali zaidi na kila pigo linauma. Kichwa cha riveti ya shasi kinaogopa ile ndefu. Kijana asikie mlio na asidanganywe: inayopiga kelele za haraka si yenye nguvu zaidi.

La pili ni shina la burini. Nyundo nyingi za garaje hupokea shina la duara la milimita 10.2. Kubwa zaidi hupokea milimita 12.65. Nyingine, hasa za bei ndogo, huja na burini za pembe sita za milimita 10. Hizi haziingiliani. Burini ya saizi isiyo yake inacheza, inakula mdomo wa nyundo na inapoteza nguvu ya pigo. Kabla ya kulipa, mnunuzi aulize kama burini za saizi hiyo zinapatikana hapa au Lubumbashi, maana burini ndiyo inayokwisha, nyundo inabaki. Burini ya kukatia riveti iwe ya chuma kigumu kilichotengenezwa kwa nyundo ya upepo. Ile ya nyundo ya mkono isichongwe na kuingizwa, kwa sababu inaweza kupasuka na kuruka.

La tatu ni kishikio cha burini. Springi inayofungwa kwenye mdomo wa nyundo lazima iwe nzima. Bila hiyo, mtu akibonyeza kichochezi hewani burini inatoka kama risasi. Hata springi ikiwa mpya, desturi iwe moja: burini iguse chuma kwanza, kidole kije baadaye.

La nne ni mpira na viungo vyake. Nyundo nzuri kwenye mpira mwembamba ni kama mtu anayekimbia huku amefungwa pua. Tundu la ndani la milimita 10 linafaa, na mpira usiwe mrefu kuliko kazi inavyotaka. Tangi la kompresere limwagwe maji kila siku, hasa wakati wa mvua, na nyundo ipewe matone machache ya mafuta mepesi ya vyombo vya hewa kabla ya kazi. Mafuta ya freni yasiingizwe humo, yanaharibu mipira ya ndani.

Jina la kampuni lina uzito wake. Chicago Pneumatic na Ingersoll Rand wamejenga sifa kwa vyombo vya hewa kwa zaidi ya miaka mia moja. Lakini jina linaweza kubandikwa kwenye boksi lolote sokoni. Nyundo isiyo na jina kubwa, yenye silinda ndefu, shina la kawaida na springi nzima, itamshinda mwigo wa kampuni maarufu. Rahisi ni ghali, wazee walisema, na ghali ya bandia ni mbaya zaidi.

Macho, masikio na mikono

Katika magaraji mengi mwenye garaje hashiki nyundo. Anayeshika ni apranti. Ndiyo sababu mazungumzo juu ya nyundo bila mazungumzo juu ya mwili wa kijana ni nusu ya ukweli.

Kichwa cha riveti kinapokatika kinaruka, na vipande vidogo vya burini navyo vinaruka. Miwani ya jua haizuii. Miwani ya kinga iliyofungwa pembeni ni bei ndogo kuliko burini nyingi, na jicho la kijana wa miaka 17 halina sipea. Kelele nayo ni kubwa. Wataalamu wa afya ya kazi huweka kikomo cha desibeli 85 kwa saa nane, na nyundo ya upepo hupita 100 bila shida. Vizibo vya masikio vivaliwe. Na kazi isimame giza linapoingia, kwa sababu nyuma ya magaraji kuna nyumba, na ndani ya nyumba hizo kuna watoto waliokimbia milio ya bunduki. Kwa mtoto huyo, nyundo inayopiga saa mbili ya usiku si habari ya riveti.

Mtikisiko ndio adui asiyeonekana. Mkono unaotikiswa kwa miaka unapoteza damu vidoleni. Vidole vinakuwa vyeupe wakati wa baridi, vinakufa ganzi, na mwisho havishiki hata sindano. Sheria ya Ulaya ya mwaka 2002 inapima hilo kwa namba: 2.5 ni kiwango cha tahadhari kwa siku ya saa nane, 5 ni kikomo. Nyundo yenye mtikisiko wa 10 inafikia kiwango cha tahadhari kwa nusu saa, na kikomo kwa saa mbili. Kwa hiyo apranti mmoja asiachiwe nyundo kutwa nzima. Wapokezane.

Na vumbi la freni lisipulizwe kwa hewa ya kompresere, kama inavyozoeleka. Ferodo za zamani zilikuwa na asbesto, na si rahisi kwa fundi wa barabarani kujua ipi inayo na ipi haina. Kitambaa chenye maji kinatosha kuliondoa.

Nani alipe?

Mwaka 2024 Kongo ilitoa zaidi ya tani milioni 3 za shaba, na sehemu kubwa ya shaba hiyo ilipita kwenye barabara hii juu ya ferodo, riveti na bulo zilizofungwa na mikono ya watu wa hapa. Kamio moja mbovu inaua zaidi ya dereva wake. Inaua mama anayeuza kando ya barabara, na abiria wa teksi iliyo mbele. Haifai basi mzigo wote wa vyombo bora uangukie kijana aliyefika juzi na begi moja.

Wenye kamio wanapodai kazi ya haraka wakubali pia kulipa bulo ya 10.9 na saa ya ziada ya kutoboa, badala ya kusimama juu ya fundi na kumwambia alete shalimo. Wenye magaraji wanunue miwani kabla ya nyundo, na sheria ya garaje iwe fupi: bila miwani hakuna kichochezi. Miradi inayogawa vyombo kwa vijana waliokimbia vita iache kupeana boksi lenye nyundo peke yake kwa ajili ya picha. Kijana mwenye etau, mashini ya kutoboa, chuma cha kusukumia na miwani ataanza kula wiki ya kwanza kwa kazi ya freni. Mwenye nyundo bila hewa ataiuza wiki ya pili ili watoto wale.

Na vijana wenyewe wanaweza kuungana. Watatu au wanne wakichanga nyundo moja ndefu iliyo nzuri, na burini zake, na mapatano na kwado mmoja, wanapita mbele ya wanne ambao kila mmoja ana nyundo mbovu. Asiyekuwa na kazi ya shasi leo anaiazima kwa mwenye nayo. Watu waliopoteza vijiji vyao wanajua tayari namna ya kugawana sufuria moja. Nyundo moja haiwezi kuwashinda.

Atakayebaki bila makuta ya kutosha baada ya hesabu hizi zote asione aibu kuahirisha. Anunue chuma cha kusukumia na miwani, ajifunze kufunga ferodo sawasawa, na ajenge jina lake kwa madereva. Foleni ya Kasumbalesa haitaisha mwezi huu. Riveti za shasi zitamngoja.